Ijumaa Niliyoipeleka Manila

Mmeniuliza Mesaimeer tukitoka kanisani, mmeniuliza kwenye basi la kazini, na mmoja wenu, ambaye simtaji kwa sababu anajijua, amenipigia simu mara mbili nikiwa nimelala mchana baada ya zamu. Wote mnataka kujua kilichotokea Manila. Basi naandika mara moja, mgawane kama mnavyogawana chapati zangu. Habari za tiketi na makaratasi naziruka, maana hizo mnazijua na sijaona anayezifurahia. Ushauri nitatoa hapa na pale kwa atakayetaka kwenda, ingawa karibu yote niliyojifunza nilijifunza nikiwa nimeshakosea.

Abu Hamour

Wengine hamumjui Ate Luz. Ni Mfilipino wa miaka hamsini na miwili, msimamizi wetu katika chumba cha kufulia cha hoteli kule Lusail. Ate kwao ni dada mkubwa. Nilipofika Doha miaka minane iliyopita nilikuwa sijui hata mlango wa mashine unafunguliwa wapi, na yeye ndiye aliyenionyesha kukunja shuka la kitanda kikubwa peke yangu bila kuliburuza sakafuni. Ana sheria moja ambayo hajawahi kumsamehe mtu aliyeivunja: usikalie nguo safi, hata ukiwa unazimia. Tangu siku hizo nakula naye na kusali naye. Akinikasirikia ananiita Nekesa. Akiwa na furaha mimi ni Neki.

Niliposema nimepata siku tano na nataka kwenda Manila, mnakumbuka mlivyonicheka jikoni kwetu Abu Hamour. "Wewe Nekesa, Bungoma hujafika mwaka wa tatu huu, sasa Manila unaenda kufanya nini? Uko na shangazi huko?" Nilisema naenda kutembea tu. Huo ulikuwa ukweli nusu. Miaka minane nimesikiliza habari za mji huo juu ya kelele za mashine, mvua zake na misongamano yake na wali wake, na mimi kitu nikisikia sana lazima nikione. Nusu nyingine ilikuwa ya Ate Luz.

Siku moja kabla sijaondoka tulikuwa tunakunja taulo, wawili peke yetu.

"Neki, nikutume?"

"Nitume, Ate."

Akaniambia kwamba baba yake alifariki miaka mitatu iliyopita na yeye hakwenda kumzika. Nyumbani alisema kazini wamemnyima likizo. Tangu hapo mama yake, Nanay Ising, aliyebaki kwao Bulacan, mkoa jirani na Manila, hapokei simu yake. Jirani mwenye simu akimpelekea, mama anasema yuko bandani na kuku wake.

"Hawakuninyima," alisema Ate Luz, macho yakiwa kwenye taulo. "Sikuomba. Wiki ile walikuwa wanachagua msimamizi. Khalas, yamekwisha, nimesema. Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa."

Nikaendelea kukunja. Kumbe jirani yule alikuwa amemfikishia mama habari za safari yangu, na mama alikuwa ametoa jibu: huyo rafiki aje wiki hiyo katika kanisa la zamani la mtaa wa Quiapo, misa ya saa nne asubuhi, mlango wa pembeni. Huyo rafiki asipomkuta hapo, Luz ajue jibu la mama yake.

"Ukimkuta, usimpe mkono wa kutikisa," Ate Luz aliniambia. "Chukua wake, uguse nao paji la uso wako. Sisi tunaita mano, ndiyo salamu ya mtoto kwa mzazi. Mwambie unafanya kwa niaba yangu. Akiutoa mkono, nitajua. Akiuficha, pia nitajua."

Aliniandikia kwenye karatasi jina la kanisa, mlango na saa, akanipa na kopo la tende. Siku haikuandikwa, na mimi sikuuliza. Ninyi mngeuliza? Semeni ukweli.

Saa tisa angani

Tuliondoka Jumatano alasiri. Ndege ilijaa watu wanaorudi kwao baada ya mkataba, na kilichonishangaza ni kuona jinsi nyuso zilivyokuwa zikibadilika njiani. Tukipaa, kimya kabisa, kila mtu na dirisha lake. Zilipobaki saa mbili, mama mmoja jirani yangu aliyevaa nguo nyeusi tupu akafungua pochi, akapaka rangi ya midomo, akatoa hereni kubwa za njano akazivaa. Wa nyuma wakaanza kuzungumza kwa sauti. Magurudumu yalipogusa ardhi walipiga makofi, na mimi nikapiga, wala si kwetu.

Nilitumia muda huo kupanga siku zangu. Alhamisi nafika. Ijumaa kanisani, kama kawaida. Jumamosi kuzurura. Jumapili jioni ndege ya kurudi. Nikajisifu kwa mpango mzuri, nikalala.

Kutoka uwanjani hadi Malate

Ushauri wa kwanza: ukiambiwa Manila kwamba mahali ni karibu, uliza karibu ya saa ngapi. Umbali mdogo, kama kutoka Abu Hamour hadi mjini kwetu, tulikwenda kwa saa mbili na dakika kadhaa. Dereva wangu aliitwa Mang Nestor, mzee mwenye taulo dogo shingoni, na alinihoji kama polisi. Umeolewa? Bado? Kwa nini? Nywele hizo ni zako? Alipouliza nimetoka wapi nikasema Doha, aligeuka mzima mzima, tukiwa barabarani.

"Doha wapi?"

"Abu Hamour. Nafanya kazi Lusail."

Akacheka hadi akakohoa. Alikuwa amefanya kazi ya kufunga vyuma Lusail miaka sita, wakati ambao mahali pale palikuwa mchanga na kreni. Akataka kujua kama miti aliyoiacha imeota, kama kuna watu kweli wanaishi katika yale majengo, na kama taa zinawaka. Nikamwambia nafua shuka za mojawapo. Akasema amefurahi kwamba kuna mtu analala mle.

Nilimwambia kesho naenda Quiapo, kanisani.

"Ijumaa? Nenda mapema, ma'am. Ijumaa Quiapo panajaa sana."

Unaona? Hata yeye. Ningekuwa na shaka yoyote ingeishia hapo.

Nyumba ya wageni ilikuwa Malate, ya dada mmoja aitwaye Tess. Mlangoni alikaa mlinzi anakula wali na samaki. Aliponiona akasema, "Kain tayo, ma'am," yaani karibu tule. Sasa, katika chumba chetu cha kufulia mtu akisema hivyo unavuta kiti, na Bungoma ukikaribishwa chakula ukakataa umetukana ukoo. Nikaketi. Nikanawa. Nilikula karibu nusu ya samaki wa yule kaka, naye akanisogezea siki yenye pilipili bila neno, kwa adabu kubwa. Tess alipotoka akatukuta, alishika mbavu. Kumbe husemwa kwa heshima tu, na wewe hujibu ahsante ukapita zako. Jioni nilimnunulia mlinzi kuku mzima. Kwa hiyo ushauri wa pili: ukikaribishwa chakula, shukuru, upite. Wakikuita mara ya tatu, hapo keti.

Quiapo

Ijumaa nilitoka saa moja na nusu asubuhi, nikiwa nimevaa gauni langu la Mesaimeer. Treni inayopita juu ilinishusha Carriedo, na kutoka hapo hata ukitaka kupotea huwezi, umati unakubeba. Mang Nestor hakutia chumvi. Watu walijaa kanisani, wakajaa ngazini, wakajaa barabarani, wengine wakitembea kwa magoti kuelekea altare. Nilisisimka. Nikasema moyoni, kumbe na hawa ni wenzetu, Ijumaa yao ni kama yetu.

Kuzunguka kanisa ni soko. Kuna mizizi ya dawa, chupa zenye majani na visivyo majani, hirizi kando ya rozari bila aibu, na mishumaa ya kila rangi. Muuza mishumaa wa mlango wa pembeni, Aling Nena, mama mnene mwenye Kiingereza cha kujitosheleza, aliniuliza ombi langu ni la nini apate kunichagulia rangi.

"La mtu na mama yake."

Akaitazama mishumaa yake yote. Kisha akanipa miwili ya rangi tofauti, akasema kwa jambo hilo mmoja hautoshi.

Misa ya saa nne iliisha. Nikasimama mlangoni, kopo la tende kifuani. Sikuwa na picha ya Nanay Ising, lakini Ate Luz alikuwa amesema nisijali, katika umati wa Quiapo mimi ndiye nitakayetambulika. Na kweli, nilitazamwa. Watoto walinitazama, mapadri walinitazama, mwanamke mmoja aligusa nywele zangu akaomba radhi baadaye. Aliyenitaka hakuja. Saa sita ikapita, saa saba ikapita. Aling Nena alinipa kigoda chake, akaniuliza namngoja nani. Nikamwambia: Nanay Ising wa Bulacan, mama wa rafiki yangu wa Doha. Hakumjua. Saa nane niliinuka, miguu imekufa ganzi, na nikafanya kitu ambacho hadi leo kinanichoma. Nilimwandikia Ate Luz: "Hakuja."

Akajibu neno moja: "Sawa."

Tangu nimjue, Ate Luz hajawahi kuniandikia neno moja. Hata akitaka chumvi huandika mistari mitano.

Jumamosi

Nilizurura kwa sababu nilikuwa nimeshalipa kuzurura, lakini moyo ulikuwa mzito. Nilikwenda Binondo, mtaa wa Wachina, nikala tambi nyembamba na maandazi ya mvuke yenye nyama ndani. Mkienda, msile mara moja mkashiba. Kuleni kidogo kila kona, kwa maana kona inayofuata ina kitu kizuri zaidi. Bebeni mwavuli hata jua likiwaka, viatu vya mpira, na karatasi za chooni zenu wenyewe. Na katika yale magari yao marefu ya rangi rangi, abiria nyuma yako akikuwekea sarafu mkononi, usimwambie ahsante Mungu akubariki ukatia mfukoni kama mimi. Ni nauli yake. Mpe aliye mbele, mkono kwa mkono, hadi ifike kwa dereva. Gari zima lilinicheka na mimi nikacheka nao, na kwa muda huo nikasahau.

Jioni nilikula na Tess. Nilikuwa nimeitwa mara ya tatu. Akiwa anapakua wali alisema, "Kesho chai utajichemshia, ufunguo nakuachia mezani. Naenda misa."

"Kesho? Kesho si Jumapili?"

"Ndiyo," alisema Tess, akinitazama kama mtu anayeumwa. "Jumapili."

Kijiko kilinianguka. Miaka minane, jamani. Miaka minane Jumapili kwangu ni siku ya kwanza ya kazi, siku ambayo shuka za wageni wa wikendi hushuka kama mlima. Nilikulia Bungoma, nilibatizwa Jumapili, nilipigwa na mama kwa kukwepa kanisa Jumapili, na nikasahau. Nilimweleza Tess, nikamwuliza mbona basi jana Quiapo palijaa. Akasema Ijumaa pale ni siku ya watu wenye nadhiri. Waumini wa kawaida, wazee wa kutoka Bulacan na kwingine, huja Jumapili.

Nilichukua simu nimwandikie Ate Luz, nikaiweka. Nilikuwa nimeshamvunja moyo mara moja kwa haraka yangu. Kama kesho mama yake asingekuja kweli, ningemvunja mara mbili. Niliapa sitaandika hadi nimemwona kwa macho.

Maji

Jumapili niliamka na sauti ya mvua. Nimekaa mno Doha. Nilifungua dirisha kwa furaha nikanyoosha mikono nje. Nilipotazama chini nikaona mlinzi amepanda juu ya meza yake. Barabara haikuwepo. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalifika magotini, na ndala moja ya buluu ilikuwa inapita taratibu kama ina safari zake.

Nilikuwa na begi, kopo la tende, na ndege ya jioni. Hakuna teksi iliyokubali kuingia mtaa ule. Saa tatu na nusu alipita mwanamume anasukuma baiskeli yenye kiti cha pembeni, maji yakifika kwenye magurudumu. Mlinzi akamwita kwa ajili yangu na kuzungumza naye sana. Nafikiri habari za kuku ziliingia humo. Nilikaa begi mapajani, miguu juu. Yule mwanamume alisukuma hadi tukafika mahali pakavu, na mara tatu aliniuliza kama niko sawa, yeye aliyelowa hadi kifuani. Kituo cha treni nacho kilijaa kila aliyekimbia maji. Treni ya kwanza haikuingilika. Ya pili pia. Nilitoka Carriedo saa tano na robo, nikakimbia na begi kichwani, kama ninatoka kisimani kwetu.

Misa ilikuwa imekwisha. Mlango wa pembeni kulikuwa na miavuli tu inayokwenda na kurudi.

"Afrika." Ilikuwa sauti ya Aling Nena. "Afrika, hapa."

Kando ya meza ya mishumaa, kwenye kigoda nilichokalia Ijumaa, alikaa bibi mdogo aliyekauka, ndala miguuni, mwavuli mkono mmoja na kikapu mkono wa pili. Nilijua kwa taya. Ndilo taya analolikaza Ate Luz shuka likitoka na doa.

Niliweka begi chini. "Mano po, Nanay," nilisema, kwa Kitagalogi changu cha kufulia. "Kwa niaba ya Luz."

Hakutoa mkono. Aliniangalia tangu viatu hadi nywele, akasema maneno marefu, na Aling Nena akayafasiri. "Anataka kuondoka tangu misa iishe. Nimemwambia nawe ulisimama hapa Ijumaa hadi saa nane, ndipo akaketi. Anauliza, mbona Ijumaa?"

"Doha siku yetu ya kanisa ni Ijumaa," nilisema. "Nimesahau kwamba kuna nyingine. Luz naye husali Ijumaa. Jumapili tuko kazini, tunafua."

Bibi aliuliza neno moja.

"Kila Jumapili?" alifasiri Aling Nena.

"Kila Jumapili, Nanay. Na Krismasi pia, ikiangukia siku ya kazi."

Akatazama chini. Nadhani siku zote alikuwa akimwona mwanawe akilini yuko kanisani kila Jumapili, amevaa vizuri, amekaa na marafiki, hana habari na nyumbani. Mvua iliendelea. Kisha alimpa Aling Nena mwavuli, akaweka kikapu magotini, akanyoosha mkono.

Niliuchukua. Ulikuwa baridi na mgumu kama ubao wa kufulia, nami nikainama nikaugusisha kwenye paji la uso wangu. Nilikuwa nalia, sioni haya kuwaambia. Nilipotaka kuuachia, hakuniachia.

"Anasema huo ni wako," alisema Aling Nena. "Sasa wa Luz."

Nikainama tena.

Alipokea tende, akanipa kikapu: wali wa nazi uliofungwa kwa majani ya mgomba. Nilipobeba begi aliongea mara ya mwisho, na safari hii Aling Nena alichelewa kidogo kufasiri. "Anasema anajua Luz hakuomba likizo mwaka ule. Angenyimwa, angelia kwenye simu. Yeye alizungumza kama mtu aliyekariri. Anasema, mwambie sasa aombe."

Kwenye treni nilimwandikia Ate Luz: "Alikuja. Mengine nakuja nayo." Hakujibu. Ilikuwa Jumapili, alikuwa kazini.

Lusail

Jumatatu nilikuwa bado na likizo, lakini nilipanda basi la asubuhi hadi Lusail na kikapu changu. Ate Luz alikuwa mbele ya mashine ya kupigia pasi shuka. Alinitazama tu. Nikamwambia kwanza habari ya Ijumaa, kwa sababu kosa lilikuwa langu na nilitaka litoke. Akaweka kiganja mdomoni. "Na mimi," alisema. "Na mimi sikukumbuka, Neki."

"Alitoa mkono, Ate. Mara mbili."

Akaukamata mkono wangu wa kulia, akauinua, akaugusisha kwenye paji la uso wake. Niliona aibu kubwa. Nikamwambia, "Ate, mimi ndiye mdogo."

"Nyamaza. Huu si wako."

Nilipomweleza kwamba mama yake anajua hakuomba likizo, na kwamba sasa aombe, aliliacha shuka kwenye mashine. Akaketi juu ya rundo la shuka safi, nyeupe, zilizokwisha kukunjwa. Sisi wote wa chumba cha kufulia tulisimama tukimtazama. Alikula wali wa mama yake palepale, jani zima, halafu akanawa, akafunga nywele, akapanda juu kwa meneja.

Basi mnaoniuliza mbona nafasi yake kanisani Mesaimeer ilikuwa wazi Ijumaa iliyopita, jibu ni hilo. Yuko Bulacan, kwa mama yake. Aliniandikia asubuhi ile, mistari mitano na zaidi, kwamba kuku wamemsahau, kwamba mvua haijakatika, na kwamba gauni lake limeshapigwa pasi, anangoja Jumapili.